Aliyemtafutia Belinda Kazi

Belinda alirudi kijijini Mitundu mvua zilipokatika, na hadi alizeti zinavunwa, hakuna jirani aliyekuwa amekula naye.

Watu walijua alikotoka. Aliondoka akiambiwa anakwenda kupika hotelini Mtwara. Alipofika huko akavushwa Mto Ruvuma, akajikuta Msumbiji, kwenye kambi ya watu wenye bunduki waliokuwa wakichoma vijiji. Akawapikia. Jeshi lilipoivamia kambi, alikimbia na wanawake wengine mpaka wakaangukia mikononi mwa askari. Wapelelezi walimhoji, akawaeleza yote isipokuwa mambo mawili: nani alimtafutia ile kazi, na rafiki yake Evodia alifikaje kule.

Evodia hakurudi. Mama yake, Scholastika, alikaa nyumba ya pili kutoka kwa akina Belinda. Kila akimwona alimuuliza kama amekumbuka lolote, na Belinda alijibu kwamba hajakumbuka.

Alasiri moja Urbano aliingia uani, amepakiwa kwenye bodaboda ya Melkizedeki. Urbano alikuwa mnunuzi wa alizeti, anayejulikana mpaka Itigi. Mabati ya kigango, kanisa dogo la kijiji, alitoa yeye. Kristina, mama yake Belinda, alimpa kiti, akaingia jikoni kuchemsha maziwa. Belinda alikuwa kwenye mkeka, anachambua maharage. Melkizedeki alibaki njiani na pikipiki yake.

"Shikamoo," alisema Belinda.

"Marahaba. Nasikia wapelelezi wanarudi wiki hii."

"Sijui."

"Mimi najua. Watakuuliza tena nani alikupeleka." Urbano alisema taratibu, kama mtu anayesali. "Mwanangu, mimi sijawahi kushika bunduki. Natafutia watu kazi, basi. Lakini Evodia nani alimpigia simu? Ile sauti ilikuwa yangu?"

Mikono ya Belinda ikasimama.

"Walinishikia panga shingoni."

"Panga halisikiki kwenye simu. Ulimwambia kazi ni nzuri, aje, akaja. Ukinitaja, nitakutaja. Tutafungwa wote, na yule mama hapo jirani atajua nani alimponza mwanawe."

Nyuma ya mlango Kristina alikuwa amesimama na kikombe cha maziwa. Alisikia kila neno. Siku Belinda anaondoka, Urbano alimletea yeye kitenge, akamwomba asimtaje kwa mtu, naye akakivaa kanisani akimsifu moyoni. Akavuta pumzi, akatoka.

"Karibu maziwa, Baba. Leo huondoki bila kula. Nachinja kuku."

"Nina haraka, mama."

"Uliyemsaidia mwanangu, utoke kwangu na njaa? Watu watasemaje?"

Urbano akacheka, akaegemea kiti. Kristina akamtazama binti yake machoni. "Belinda, kaombe chumvi kwa Mama Evodia."

Belinda akajua mama amesikia. Chumvi jikoni ilikuwapo tele.

"Melki ana pikipiki, ataileta," alisema Urbano.

"Mwanaume aombe chumvi ya jikoni? Ni hapo tu."

Urbano alimtazama Belinda akiinuka. "Usichelewe, binti."

Scholastika alikuwa anapepeta mtama. Belinda alipiga magoti mbele yake, na maneno yakatoka kabla hajayapanga.

"Mama, aliyemwita Evodia ni mimi. Walinilazimisha, lakini sauti ilikuwa yangu."

Scholastika aliweka ungo chini, akampiga kofi. Akainua mkono tena, lakini hakuushusha.

"Yuko hai?"

"Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa hai. Walimhamishia kambi nyingine kabla sijakimbia."

"Nani aliwapeleka?"

"Urbano. Yuko kwetu, anasubiri kuku."

Scholastika alichukua simu akampigia mkuu wa kituo kidogo cha polisi, akamweleza. Kisha akafunga chumvi kwenye karatasi. "Rudi. Usiporudi atashtuka."

Belinda akarudi. Kuku alikuwa jikoni. Urbano alimkagua uso.

"Shavu limefanya nini?"

"Nimejigonga mlangoni."

Urbano aliinuka, akaita, "Melki, washa."

Kristina alimfuata na birika na beseni. "Nawa mikono, Baba, chakula tayari."

"Nimesema nina haraka." Akamsukuma, maji yakamwagika. Pikipiki ilikuwa inanguruma alipopanda, na askari watatu walikuwa wameshaziba njia.

Melkizedeki alizima pikipiki, akanyoosha mikono juu. "Mimi dereva tu, afande. Nabeba abiria."

"Hata Belinda na Evodia uliwabeba wewe mpaka stesheni ya Itigi," alisema Kristina.

"Niliwabeba, mama. Sikuuliza wanakokwenda."

Urbano hakukimbia. Alimnyooshea Belinda kidole. "Na huyo mchukueni. Ni mwenzangu."

"Nakwenda," alisema Belinda, na mwenyewe akatangulia mbele ya askari.

Walimweka mahabusu Singida mjini kwa wiki kadhaa, kisha wakamwachia awe shahidi. Kwenye simu ya Urbano polisi walikuta namba za mwenye nyumba aliyewalaza wasichana Mtwara, na za mwenye mtumbwi aliyewavusha. Kila mmoja alisema alifanya sehemu yake tu, hajui nyingine. Kristina naye alikwenda kutoa maelezo, akasema kuhusu kitenge kabla hajaulizwa.

Kesi ilipoanza, Scholastika alihudhuria kila siku, akikaa benchi moja na Kristina bila kuzungumza naye. Wakili wa Urbano alimuuliza Belinda nani alimpigia Evodia simu.

"Mimi," alisema Belinda.

Watu wakanong'ona. Scholastika hakugeuka. Nje, Belinda alimwamkia, na hakuitikiwa. Kristina ndiye aliyemuuliza Scholastika kwa nini basi anakuja.

"Belinda ndiye pekee aliyemwona mwanangu kule," alisema Scholastika. "Nataka kusikia alivyokuwa anaishi."

Evodia bado hajapatikana.