Njia ya Tatu

Jumatatu saa moja asubuhi, Kisilu aliwapanga wageni sita kwa mstari mmoja, akawakumbusha wasiongee kwa sauti, kisha akawaingiza Njia ya Tatu. Ilikuwa njia ya kilomita nne, kutoka geti la hifadhi hadi mtoni, na kingo zake zilipangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kisilu ndiye aliyeyapaka.

Walipofika kwenye kichuguu, njia ilikata kushoto. Ijumaa haikuwa ikikata kushoto. Mawe nayo yalikuwa yamekata. Kisilu akaifuata, maana sheria ya kazi ilimkataza mwongozaji kutoka njiani.

Njia ikawafikisha uani kwa mama yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta ndengu, miguu imejaa vumbi la safari. Alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita. Mwaka huo familia ililetewa lori, ikaambiwa shamba sasa ni la wanyama, ikashushwa Kambu kando ya barabara kuu. Siku ya tisa mama alikata roho kwenye veranda ya duka la mbegu. Waliomba kumzika hapa, ubavuni mwa mumewe. Wakajibiwa kwamba uzio wa hifadhi umeshafungwa. Akazikwa kwenye makaburi ya umma.

"Title ya shamba mlipata?" mama akauliza.

"Bado, Mwaitu," Kisilu akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na hawa?"

"Ni wageni."

"Waambie wakae kivulini, jua ni kali."

Yvonne, mgeni kutoka Nairobi, aliuliza kama picha zinaruhusiwa. Mama akaweka kitambaa chake cha kichwa sawa.

Meneja wa hifadhi aliagiza mawe yarudishwe. Yakarudishwa mara tatu, na kila kulipokucha yalikuwa yamekata kushoto tena. Basi akachapisha ramani mpya, akafunga kamba mbele ya ua wa mama, na kusimamisha kibao: dakika ishirini, usivuke kamba, usilishe chochote kilichomo hifadhini. Wageni wakaongezeka.

Habari zilimfikia Kavindu, dada yake Kisilu, kule Kathonzweni alikoolewa. Alifika getini na sufuria iliyofungwa kwa leso, ndani yake muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa.

"Mimi si mgeni," alimwambia askari. "Nilizaliwa huku ndani."

"Madam, fomu ya waliozaliwa ndani hatuna. Iko ya wageni tu."

Kavindu akaijaza. Sufuria ikabaki getini.

Alitembea wa mwisho kwenye mstari. Walipofika kwenye kamba, mama aliacha kupepeta, akamtazama kwa muda.

"Umekonda, Kavindu. Umeniletea nini?"

"Muthokoi, Mwaitu. Wameuzuia getini."

"Umeweka kunde?"

"Nimeweka."

Mama akameza mate. Kavindu aliinua mguu mmoja juu ya kamba. Kisilu, aliyekuwa amevaa sare, akamshika kiwiko.

"Kavindu, tafadhali. Nitafutwa kazi."

Kavindu alimtazama kaka yake, kisha akaushusha mguu pale ulipotoka. Wakabaki hivyo, wote watatu, huku wageni wakipiga picha.

Kisilu akaangalia saa. "Muda umeisha," akasema. "Mstari mmoja, tafadhali."

"Mpite pole," mama akawaambia. "Hapo chini kuna nyati."

Wakapita pole, Kavindu akiwa wa mwisho.