Nduaro wa Shekha

Wageni waliokodi boti siku ile walipiga simu alfajiri kusema kwamba mmoja wao ameshikwa na homa, hawatatoka tena. Mahir aliipokea habari hiyo akiwa jikoni, na kikombe cha kahawa mkononi. Mafuta yalikwisha kutiwa, chambo kilikuwa tayari, na bahari ya Februari ilikuwa imetulia. Mkewe, Shekha, alikuwa akikaanga mahamri.

"Basi twende mimi na wewe," Mahir alimwambia.

Shekha alidhani ni mzaha. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akifua mashati ya mumewe nahodha yaliyokauka kwa chumvi, lakini boti yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Kwanza kulikuwa na watoto, kisha mama mkwe mgonjwa. Sasa mama mkwe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na binti yao wa mwisho, Sahla, alikuwa ameolewa Mtwapa. Nyumba ilikuwa kimya, na wao wawili hawakuwa na mengi ya kuambiana ila kuulizana kama mchuzi umekolea.

Alizima jiko, akafunga mahamri kwenye kitambaa, akajitanda buibui lake.

Ndani ya boti walimkuta Randu, mtu wa Matsangoni, aliyekuwa akifanya kazi na Mahir tangu ujana wao. Alimwamkia shemeji yake kwa heshima, akampa mkono apande. Wakaondoka Malindi, wakayapita maji ya kahawia yanayomwagwa na mto Sabaki, kisha ya kijani, mpaka bahari ikawa buluu ya kukoza. Shekha alipoanza kuhisi kichefuchefu, Randu alimpa kipande cha tangawizi atafune, akamwambia akaze macho kule kwenye ukingo wa mbingu. Baadaye kidogo alipata nafuu, akamtazama mumewe kwenye usukani. Nyumbani Mahir alikuwa mtu wa kutafuta kandambili alizozivaa. Huku aliwaona ndege wakizunguka juu ya maji kabla mtu mwingine hajawaona.

Jambo moja lilikuwa limemkera Shekha kwa miaka. Mahir alikuwa akirudi na kusema kwamba leo wamepata nduaro mkubwa kuliko mlango, wakamtia alama ya watafiti wa samaki, wakamwachilia. Yeye aliona ni israfu. Samaki wa kulisha mtaa mzima, anarudishwaje baharini?

Jua lilikuwa limepanda pale mshipi mmoja kati ya ile iliyokokotwa nyuma ya boti ulipoanza kulia. Randu alimketisha Shekha kwenye kiti cha nyuma, akamfunga mkanda, akampa fimbo ya kuvulia. Mbali kule nyuma samaki aliruka mzima mzima juu ya maji, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, akaanguka kwa kishindo. Shekha akaita jina la Mola wake.

"Akivuta, mwache avute," Mahir alisema. "Akipumzika, hapo ndipo uvute wewe."

Alikuwa akirudisha boti nyuma taratibu kila mshipi ulipokaza, na Shekha akizungusha gurudumu la mshipi, akiachia, akizungusha tena, mpaka mikono ikafa ganzi na buibui likalowa jasho. Mara mbili Randu alimuuliza kama ampokee. Alikataa.

Hatimaye nduaro alifika ubavuni mwa boti. Alikuwa mrefu kuliko Randu na Mahir wakiunganishwa, na jicho lake lilikuwa pana kama kisahani.

"Wako huyu," Mahir alisema. "Ukitaka tumtie ndani, tutamtia."

Shekha alifikiria majirani, na dada zake wa Mambrui. Akalitazama tena lile jicho.

"Akiachiliwa, ataishi?"

"Tukimsaidia, huenda."

"Mwachilie."

Randu alimtia alama mgongoni, akamtoa ndoana. Lakini samaki alikuwa amechoka, akalala ubavu, rangi zake zikafifia. Mahir alimwachia Randu usukani, akapiga magoti, akamshika nduaro ule mdomo wake mrefu kama upanga ili boti imkokote polepole na maji yapite kwenye matamvua. Shekha akavaa glavu moja, akashika pamoja naye.

"Pumua, baba," Mahir alikuwa akinong'ona. "Pumua. Hapana haraka."

Shekha aliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyombembelezea Sahla alipokuwa mchanga, homa imempanda, naye amempakata mpaka kukapambazuka. Hakuwa ameisikia tena tangu wakati huo. Alikaa karibu naye, bega kwa bega, akisikiliza.

Mkia ukatikisika. Michirizi ya buluu ikarudi ubavuni. Mdomo ukawaponyoka mikononi, na nduaro akazama bila kurusha hata tone la maji.

Njiani walipata jodari mmoja wa chakula cha jioni. Randu aliendesha, na wenyewe wawili wakakaa nyuma wakila mahamri yaliyopoa.

Kesho yake Shekha hakuweza kunyanyua mikono. Mahir hakwenda kazini. Alikalia mbuzi akakuna nazi mwenyewe, vibaya, vipande vya kifuu vikichanganyika na nazi iliyokunwa, huku Shekha akimcheka kutoka mlangoni. Kisha akamuuliza siku zote hizo yeye alipokuwa baharini, mkewe alikuwa akifanya nini. Shekha akavuta mkeka, akaketi, akaanza kumweleza. Wali ulichelewa kuiva siku hiyo.