Vipimo Alivyotuma Fidèle

Fidèle alikuwa fundi bati hodari kuliko wote mjini Kasongo, na mwenye mashaka kuliko wote pia. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, salamu ya pili ataanza kuitafutia sababu. Muuza misumari akimwongezea mmoja wa bure, huenda nao nyumbani akiugeuzageuza aone umepinda wapi. Mke wake, Louise, alikuwa akisimulia kwamba hata siku ya arusi yao Fidèle alimkodolea padri macho kana kwamba padri anataka kumuuzia baiskeli ya wizi.

Kazi iliyompa jina ni chekeche za mashine za kusaga, zile ambazo watu wa huko huziita tamis: bati lililojaa vitundu, unga unapita, pumba zinabaki. Alizitengeneza kwa bati la mapipa ya mafuta, tundu baada ya tundu, kwa nyundo na ncha ya chuma, na tamis moja ilikuwa na matundu zaidi ya elfu tatu. Zinazoletwa kutoka mbali hupasuka baada ya miezi miwili. Za Fidèle huvuka mwaka, kwa sababu alijua matundu yaachane kiasi gani, na alijua kuongeza nafasi kidogo katikati, pale bati linapopigwa zaidi. Mpango huo hakuwahi kumwonyesha mtu.

Lakini bega lake la kulia lilikuwa limechoka. Tangu Pasaka, akifika tundu la mia mbili mkono unakufa ganzi na nyundo inamponyoka. Daktari alimwambia aache. Aache, ale nini? Hakuwa na kazi nyingine, na kwa umri wa miaka hamsini na sita hakuwa na hamu ya kujifunza nyingine.

Ndipo Kasimu alipoleta habari ya mashine. Kasimu alikuwa mtu wa Kabambare, Mwislamu mpole mwenye mashine tatu za kusaga, na mteja wa Fidèle kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameona Bukavu mashine ya kutoboa bati inayoongozwa na kompyuta: unaiandikia vipimo, unaweka bati, yenyewe inalisogeza na kulitoboa. Kasimu angenunua, Fidèle angetoa karakana na ujuzi wake, na mapato wangegawana nusu kwa nusu. Kwa mtu mwenye bega lile, hiyo ilikuwa ni kuokolewa. Fidèle alilijua hilo, na ndilo lililomtisha. Mtu anakuokoa kwa faida gani?

Muuzaji alikuwa na mashine mbili. Kubwa ilikuwa na gurudumu la vyuma ishirini vya kutobolea, ikataka umeme mkubwa ambao Kasongo nzima haikuwa nao. Ya pili ilikuwa ya kuanzia: kichwa kimoja, chuma cha kutobolea unakibadilisha kwa mkono, na bati lisizidi milimita mbili unene. Ila hii ndogo, hata jenereta ya kawaida ingeiwasha, na ilifunguka vipande vipande.

"Yaya, tutwae ile ndogo," Kasimu alisema, akimpa heshima ya kaka mkubwa. "Kubwa haiwezi kupita kwa madaraja yetu. Na sisi hatutoboaka bati nzito."

Maneno yalikuwa sawa kabisa, na Fidèle hakupenda maneno yanayokuwa sawa kabisa. Kinachofunguka vipande vipande kinapakiwa upesi. Asubuhi moja angefungua karakana akute mafuta sakafuni tu, na mashine iko njiani kwenda Kabambare.

Halafu Kasimu akaomba vipimo.

"Pacifique, ule teknisien, fundi wa mashini wa Bukavu, anasema mutu hanunuake mashini na macho. Tumutumie vipimo vya tamis yako, atoboe kipande kimoja na ile ndogo. Ikitoboa muzuri, tunatwaa. Ikiharibu, tunaacha."

"Juu ya nini ya kwangu? Atoboe ingine."

"Yaya, tutafanya na ingine, ao na yako?"

Fidèle akasema atafikiri. Kasimu akatoka nje kupiga simu, akaongea na mtu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Fidèle, ambaye lugha ya kwao ni Kizimba, alisogea dirishani akijifanya anatafuta koleo. Alishika maneno mawili tu: Bukavu, na jina lake mwenyewe. Juma lile Kasimu aliporudi kwao, alimkumbusha vipimo kwa simu mara tatu, na kila mara Fidèle alizidi kuamini kwamba mashine ni kisingizio tu. Wanachotaka ni mpango wake. Wakishaupata, kompyuta itaukumbuka milele, na yeye atabaki na bega lake.

"Baba Grâce," Louise alimwambia, "ule mutu anakulaka hapa tangu miaka kumi. Ata kijiko haijapoteaka."

"Mwizi wa akili hatwaake kijiko."

"Basi mimi nitahesabu vijiko, wewe hesabu akili."

Alimcheka, lakini Fidèle hakucheka. Alikaa mezani akachukua kalamu. Kati ya tundu na tundu yeye huacha milimita moja na nusu. Akaandika nusu milimita. Ile nafasi ya katikati hakuitaja kabisa. Akampa Louise karatasi aipige picha na kumtumia Kasimu kwa simu yake. Alilala mchana ule usingizi mzuri kuliko wote wa mwezi huo, akijiona mjanja kupita mpaka.

Wiki tatu zikapita. Kipande kikatoka Bukavu, kikapitia mji wa Baraka hadi Kabambare, na Kasimu akakileta mwenyewe kwa pikipiki, siku mbili za matope. Alifika karakanani suruali imemganda mpaka mapajani. Hakuomba hata maji. Alifungua gazeti akaweka bati juu ya meza.

Lilikuwa limejikunja kama jani la muhogo lililokaa juani. Matundu yalikuwa yamechanika na kuungana, mahali pengine manne yamekuwa tundu moja.

"Mashini ni mubaya, yaya," Kasimu alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Na Pacifique alitaka kututia mu uongo tena. Alinipigia mara mbili, ati vipimo haviwezekane, bati itapasuka, nikuulize. Nikamukatalia. Nikamwambia ule fundi wa Kasongo akiandika kitu, kata vile aliandika, usimufundishe kazi. Alikasirika. Na mimi nilikasirika, nikamutukana."

Fidèle aliliangalia lile bati. Aliona nusu milimita yake imetapakaa kila mahali.

"Ile kubwa haiwezi kufika huku," Kasimu aliendelea. "Na ndogo ni hii. Basi, tuache. Nilitaka nikuambie mwenyewe, si kwa simu. Najua bega yako."

Akaanza kulikunja gazeti. Fidèle alimwona anaondoka na tumaini la mashine, na pamoja nalo anaondoka na miaka yote ya kazi iliyobaki. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Pacifique alishatukanwa, na Kasimu alishaamini. Lakini aliogopa kwamba akikaa kimya dakika moja zaidi hatasema tena maishani.

"Mashini haina kosa," alisema. "Vipimo ni vya uongo. Mimi niliandika."

"Ulikosea?"

"Hapana. Niliandika vile makusudi."

Kasimu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaanza kubandua matope yaliyoganda kwenye suruali yake.

"Juu ya nini?"

"Nilijisemea unataka kuniiba kazi. Mutaweka mu kompyuta, mutaniacha."

"Yaya." Kasimu hakupandisha sauti, na Fidèle angefurahi kama angeipandisha. "Tamis zako ziko mu moulin zangu zote tatu za kusaga. Miaka kumi na moja. Ningetaka kuiba, si ningemupa Pacifique moja, apime? Nilikuomba wewe juu kazi ni yako. Kitu ya mutu tunaombaka mwenyewe."

Fidèle alikuwa ameshuku njia zote mia za kuibiwa, na hii moja iliyo nyepesi kuliko zote haikumpitia kichwani. Alitaka kuomba msamaha, akaomba, lakini yalimtoka maneno machache na ya kukwaruza. Kasimu aliitika kwa kichwa.

"Andika tena," akasema. "Nitamuomba Pacifique atoboe ingine. Nitamwambia ni mimi niliharibu kunakili. Sitasema ni wewe."

Fidèle aliandika. Safari hii aliandika kila kitu: unene, upana wa tundu, milimita moja na nusu, nafasi ya katikati na mahali inapoanzia. Akamkabidhi karatasi.

Kasimu aliisoma. Kisha akasimama, akatungua ukutani tamis mpya iliyokuwa ikingoja mteja, akachukua rula ya chuma mezani, akaenda mlangoni penye mwanga. Kwa miaka yote ile alikuwa akipokea mizigo ya Fidèle na kuipakia kwenye pikipiki bila hata kufungua kamba. Sasa alipiga goti, akaweka rula juu ya mstari wa kwanza wa matundu, akaangalia karatasi, akaangalia rula tena. Akaenda mstari wa pili.

Alipofika wa nne, Fidèle hakuweza kuvumilia.

"Ni vile niliandika, Kasimu. Ni kweli."

"Nasikia, yaya," Kasimu alijibu, akapima mstari wa tano.