Uzito wa Hirizi

Msije mkamcheka Bibi Zenaba. Huko Darfur alizika wajukuu wawili, na mwenyewe anajua kilichowaua: jicho la husuda, kwa kuwa hawakuvaa hirizi. Basi tulipovuka tukafika kambini Chad, naye Ashta, mjukuu aliyebaki, akakonda hadi mbavu zikaonekana, bibi alichukua mafuta yake ya mgao akampelekea shehe, akarudi na hirizi ya ngozi. Mtoto hakunenepa. Akaenda kuleta nyingine. Nilimwambia kwamba mafuta yale yangemfaa zaidi tumboni kuliko shingoni, akaninunia.

Kwenye kliniki ya lishe watoto hupimwa uchi. Bibi alikataa katakata hirizi zivuliwe mbele za watu, na muuguzi, kwa foleni ile, akachoka kubishana. Kila wiki hirizi mpya, kila wiki mshale wa mizani unapanda, na muuguzi anampongeza Kaltuma, mama wa mtoto. Hadi siku aliposema Ashta amepona, paketi zake za lishe ya karanga zilizosagwa sasa apewe mwingine.

Nilikuwa nyuma yao kwenye foleni. Paketi zile ndizo pekee zilizokaa tumboni mwa Ashta. Ugali wa mtama aliutapika wote. Kaltuma akaitazama shingo ya mwanawe, akaitazama mikono yake iliyojaa hirizi za ngozi, kisha akaniomba wembe.

"Mpime tena, dada," alimwambia muuguzi.

"Kaltuma, usithubutu," bibi akasema. "Utamvua mjukuu wangu mbele ya macho ya kambi nzima?"

"Acha wamwone, mama. Wasipomwona leo, tutamzika."

Akazikata nyuzi. Mshale ukashuka hadi ulipokuwa siku ya kwanza, au chini yake kidogo. Muuguzi aliona haya, akatoa paketi. Bibi akaziokota hirizi moja moja, akazifunga kwenye pindo la mtandio.

Jioni nilikwenda kwao kuomba moto. Ashta alikuwa mapajani mwa mama yake, anafyonza paketi. Bibi Zenaba alikuwa ameketi mlangoni, ameuziba wote, hirizi zote zi shingoni mwake. Nikamuuliza kama hizo si za mtoto.

"Jicho likija," akasema, "lianze na mimi."