Mama Deliva wa Kwanza

"Mama Deliva!" muuguzi aliita kutoka mlangoni pa chumba cha kupimia watoto, na wanawake watatu wakainuka pamoja kwenye benchi.

Watu wakaangua kicheko. Mmoja wa wale watatu alitoka kijiji cha Lopur, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni. Wa pili alikuwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, amejifunga kitenge kipya. Wa tatu alikuwa msichana wa mjini mwenye suruali ya jinzi. Walitazamana kama watu waliokutana sokoni wamevaa nguo ya kitambaa kimoja.

"Deliva gani sasa?" Emuria, yule muuguzi, akalalamika. "Hii jina imekuwa kama malaria hapa Kakuma. Kila nyumba iko nayo."

"Ni ya Biblia," akasema wa Lopur. "Pasta alituambia. Deliva ni kuokoa, kwa Kizungu."

"Ni jina ya mwimbaji," akasema mwenye jinzi.

"Mama Ekai!" Emuria akamgeukia mfagiaji aliyekuwa ameinama mwisho wa ukumbi, akipiga deki. "Wewe ndiye umekaa hapa kutushinda sisi wote. Hii jina ilitoka wapi?"

Mfagiaji, Abei, alikamua tambara lake ndani ya ndoo. Maji yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu kwa vumbi.

"Sijui, daktari," akasema, akaendelea kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Sakafu ile haikuwa na shukrani. Upepo ulileta mchanga, watoto walitapika, akina mama waliingia na matope ya mferejini. Ukifika mlangoni, kule ulikoanzia kumeshachafuka. Abei alikuwa ameipiga deki miaka mingi kiasi kwamba hata akiwa amesimama nyumbani kwake mgongo wake ulibaki umeinama, kana kwamba unasubiri kuitwa kazini. Siku hizi alichoka tangu asubuhi. Alichoka akila. Usingizi ulikuja, ukaondoka, uchovu ukabaki pale pale alipouacha.

Na jina lile alilisikia kutwa. Deliva, shuka. Deliva, usile mchanga. Deliva, njoo uchomwe sindano.

Alijua lilikotoka.

Zamani, kabla ya kupata kazi hii, alikuwa akiuza kuni. Alizikata Lopur, akazibeba kichwani hadi kambini, akabadilishana kwa unga. Siku moja uchungu ulimshika katikati ya vibanda, mzigo ungali kichwani. Siku hizo wenyeji na wakimbizi walikuwa wamekosana kwa ajili ya kuni hizo hizo. Vijana walikuwa wamerushiana mawe, na milango ilifungwa alipopita. Mmoja ulifunguka. Mwanamke mnene wa Burundi alimtua mzigo, akamwingiza ndani, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, juu ya shuka lenye maua.

"Usiogope, mama," alimwambia. "Iko karibu. Sukuma."

Wakati ule Abei hakujua Kiswahili. Alielewa ile mikono. Baadaye, mtoto akiwa kifuani, alimwelekezea yule mwanamke kidole, kumuuliza yeye ni nani.

"Godelieve."

Abei akajaribu. Ulimi ulikataa mwanzo wa jina, ukashika mkia wake tu: Deliva. Walicheka wote wawili hadi mtoto akaanza kulia.

"Jina gani hili?" mumewe, Lomorukai, alimuuliza nyumbani. "Halina mvua ndani yake, halina njaa, halina hata mahali."

"Lina mtu ndani yake," Abei akamjibu.

Godelieve alipandishwa ndege akapelekwa nchi ya baridi, wala hakuonekana tena. Deliva alikua. Alikuwa mtoto wa miguu mirefu, mwenye kuuliza maswali hata akiwa anatafuna. Kisha siku moja mvua ilinyesha milimani, mbali, huku Kakuma jua likiwaka, na mto Tarach, uliokuwa mchanga mtupu tangu mwaka uliopita, ukaja ghafla ukiwa na rangi ya chai, unabingirisha miti. Deliva alikuwa amevuka kumfuata mwanambuzi.

Abei alikimbia ukingoni akiita. Aliteremka na mto, akapita mjini, akapita kambini, na watu wakatoka majumbani mwao. Hawakumjua. Waliona tu mwanamke anakimbia na maji huku akitaja jina, nao wakaanza kuita pamoja naye, Waturkana, Wasudani, Wakongo, Wasomali, kila mtu kwa ulimi wake, jina ambalo hakuwahi kulisikia. Jua lilipozama ukingo mzima ulikuwa unaita. Walimkuta mtoto kesho yake amenaswa kwenye miti ya mathenge, mto ukiwa umeshakwenda zake.

Msimu ule, watoto wa kike waliozaliwa pande zote za Tarach walipewa jina lake. "Tuliliita sana siku ile," mama mmoja, Anyieth, alimwambia Abei kwa aibu, amembeba wa kwake. "Likakataa kututoka mdomoni." Baada yao walikuja wengine, ambao hawakuwako ukingoni. Halafu ikaja saluni ya jina hilo, likaja duka la simu. Jina likashika barabara, likafika Nadapal mpakani upande huu na Lodwar upande ule, na kila lilipofika liliokota maana mpya, ya zamani ikidondoka njiani.

Abei peke yake ndiye aliyeliacha. Tangu jioni ile hakulitamka tena. Nyumbani kwao halikutajwa. Lomorukai aliingia kaburini hajalitaja.

Simu ilitetema mfukoni mwa ovaroli. Alikuwa Ekai, mwanawe, anayechomelea vyuma huko Lodwar, ambako mkewe alikuwa anakaribia kujifungua.

"Mama, Nakiru ameshikwa na uchungu. Tuko hospitali. Njoo."

Aliomba ruhusa, akamwachia mwenzake ndoo, akaenda stendi. Njia nzima kuelekea Lodwar aliegemea dirisha, joto likimpiga usoni, na kila alipofumba macho aliona sakafu.

Ekai alimngojea langoni mwa hospitali, macho yake mekundu kwa moto wa kazi, au kwa kulia. Kwa mchomeleaji huwezi kujua.

"Ejok, mama," akamsalimu.

"Ejok. Mtoto?"

"Amefika. Msichana. Wote wazima." Kisha, badala ya kumpeleka ndani, akamshika mkono. "Mama, kuna neno."

"Neno gani?"

Akauachia mkono. "Nenda umwone kwanza."

Nakiru alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, anatabasamu. Alikuwa msichana wa Lodwar, mtoto wa mwenye duka, na alimpenda mama mkwe wake bila kumwogopa. Alimfunulia mtoto. Abei akautazama uso ule mdogo uliokunjamana, akaweka kiganja juu ya kifua chake akasikia kinavyopanda na kushuka.

"Mama, jina ninalo tayari," Nakiru akasema. "Nililichagua hata kabla tumbo halijaonekana. Rafiki yangu ana mtoto wa jina hilo, nikalisikia, nikasema langu ni hilo. Ni la kisasa. Wanasema limetoka Ulaya." Akalitaja.

Chini ya kitanda kulikuwa na beseni lenye leso zilizoloa damu. Abei akainama, akalichukua, akatoka nalo.

Bombani nyuma ya wodi alifungua maji. Damu huoshwa kwa maji baridi, na sabuni huja baadaye. Mikono yake ilijua hilo bila yeye. Alisugua, akasuuza, akasugua tena. Maji yalipoanza kupungua wekundu aliona viatu vya Ekai kando yake.

"Hukumwambia," Abei akasema.

"Ningeanzia wapi, mama? Hata kwamba nilikuwa na dada hajui." Sauti yake ilikuwa ya yule mvulana wa zamani. "Kila alipolisema jina hilo nilitoka nje. Akadhani nimelikubali."

"Shika huku."

Wakaikamua leso pamoja, kila mmoja akizungusha upande wake, hadi ikawa ngumu kama kamba.

"Nitamwambia achague lingine," Ekai akasema.

Abei aliitandaza leso juu ya ua wa miiba. Alitamani kukaa chini. Alitamani kukaa hapo hapo kwenye tope la bomba asiinuke hadi mtu mwingine aamue. Akajifuta mikono, akarudi ndani, Ekai nyuma yake.

Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Hilo jina halikutoka Ulaya," alimwambia Nakiru. "Lilitoka kwa mwanamke wa Burundi. Alinizalisha juu ya shuka lake, siku ambayo watu wake na watu wangu walikuwa wanapigana. Aliitwa Godelieve. Mimi nilishindwa kulisema jina lake, nikasema nilivyoweza."

Nakiru aliinuka kwa kiwiko. Akacheka kidogo, kwa furaha. "Kumbe ni lako! Mama, na hukuwahi kusema? Sasa huyo mtoto uliyemzaa siku hiyo, yeye yuko wapi?"

Mtoto wa kitanda cha jirani alilia. Abei akatazama dirishani.

"Tarach," Ekai akasema.

Neno moja, na Nakiru, aliyezaliwa Turkana, hakuhitaji la pili. Machozi yakamtoka, akamvuta mtoto karibu kana kwamba maji yamefika mlangoni.

"Nisamehe, mama. Sikujua. Tutalibadilisha, tutampa la bibi yangu, tutampa lolote."

"La."

"Mama..."

"Nimesema la. Wameliita watu wengi mno, sasa nikunyime wewe?" Aliongea polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. "Wewe umelipenda. Mpe. Lakini usiniambie nimwite leo. Wala kesho. Mimi nitamwita mtoto. Nikiweza, siku moja mtanisikia."

Nakiru aliitikia kwa kichwa. Alishika vidole vya mama mkwe wake, vilivyokunjamana kwa maji, akavishikilia hadi usingizi ukamchukua. Ekai akaenda kutafuta chai.

Jua lilikuwa linateremka, na wodi ilikuwa na joto la tanuri. Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba. Abei akamnyanyua kabla hajamwamsha mama yake, akamfunga kwenye shuka kavu, akatoka naye hadi kibarazani. Upepo wa jioni wa Lodwar ulikuwa umeanza, ule unaotoka upande wa mto Turkwel ukisukuma vumbi na makaratasi uani. Wanawake wawili walipita na ndoo, wakamsalimu, akawajibu.

Mtoto aligeuza kichwa huku na huku, kinywa wazi, akitafuta titi kwenye kifua cha ovaroli.

"Ngoja, wewe," Abei akamwambia. "Mama yako anapumzika."

Kisha akageuka, akaupa upepo mgongo wake ili vumbi lisimfikie mtoto, akasimama hivyo.