Kikombe cha Mjomba

Ndugu Salum, mfamasia kutoka mjini, alitufundisha sisi wauguzi wa zahanati za milimani siku nzima bila kuchoka, wala kujali kama sisi tumechoka. Mezani alikuwa amepanga vitu kama mwenye hoteli: maziwa, chai ya rangi, kibuyu cha pombe. Kidonge hiki kisimezwe na maziwa. Vile vya kuongeza damu visimezwe na chai. Alipofika kwenye vidonge vya kuhara damu, akagusa kibuyu.

"Na hii, hapana. Mgonjwa atatapika, na moyo utamwenda mbio."

"Hata kuonja?" niliuliza.

"Hata kuonja, Dada Yustina."

Wenzangu walicheka, maana walijua Jumamosi naolewa. Nilicheka nao, mpaka nilipopanda kijijini na kumkuta Mjomba Gabrieli, kaka yake mama, anahara damu. Nikampa vidonge na kumkanya. Akanuna. Kwetu binti hatoki mpaka mjomba aonje pombe ya harusi mbele ya wakwe. Asipoonja, amekataa.

"Unataka nikuaibishe mbele ya wakwe zako wa Matombo?" aliniuliza.

Nilikasirika. Mtu anashinda chooni, halafu anawaza kibuyu.

Jumamosi wakwe walifika, pombe ikamiminwa, mjomba akapewa kikombe. Alikishika muda mrefu bila kukipeleka mdomoni. Baba wa mchumba wangu Stefano uso ukambadilika, akasimama kutafuta fimbo yake aondoke. Mjomba alipoona hivyo akainua kikombe. Bibi harusi kwetu hasemi siku yake, anainamisha kichwa tu. Niliogopa kuikosa ndoa yangu, lakini nilimwogopea mjomba zaidi.

"Asinywe," nikasema. "Yuko kwenye dawa. Mpeni togwa iliyopikwa leo, haijachacha."

Wanawake waliguna. Mjomba akakitua kikombe.

"Stefano, umemsikia? Hata leo anakataza watu. Bado unamtaka?"

"Namtaka, mjomba."

Mjomba akaagiza togwa, akainywa yote mbele yao, akajifuta mdomo. Baba mkwe akacheka, akakaa tena. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

"Basi mchukueni," mjomba alisema. Kisha akanigeukia, sauti imemshuka. "Ila sasa mimi nani atanikataza?"