Mugonjwa wa Mama Émérance

Kule Keshero, ambako jembe linagonga jiwe la volkano kabla halijachafuka, Mama Émérance alikuwa na palmiye, mutende wa mapambo, ndani ya chungu kikubwa. Udongo wake ulitoka Sake kwa gunia. Kila asubuhi aliipangusa majani kwa kitambaa chenye maji, huku akiipa habari za mutaa ambazo hata mume wake hakupewa. Haizai, haipikwi; mume alipouliza faida yake, aliulizwa ya kwake.

Adui wa palmiye ni Jumapili ya Matawi. Mwaka uliopita watu wa shirika, wale majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, walikuja kuomba jani mojamoja la maandamano. Nani atamunyima Yesu? Wakaiacha kama kuku aliyenyonyolewa. Ikikatwa tena, imekufa.

Mwaka huu Émérance aliivuta mpaka chumba cha nyuma, akaivalisha kitenge, akaifunga kilemba, akatangaza kwamba shangazi yake wa Butembo amefika, anaumwa, hataki kelele, tena anajua Kinande tu, lugha ya kwao. Alijipongeza sana. Alisahau kwamba shirika halimuachi mugonjwa.

Jioni wakajaa salon, chumba cha wageni, na sukari, sabuni na nyimbo. Kiongozi wao, Muzee Sebahire, mutu wa Rutshuru, aliomba amuwekee mugonjwa mukono. Émérance akasema shangazi hataelewa Kiswahili wala Kinyarwanda. Muzee akajibu hakuna taabu, yeye ameuza maharage Butembo tangu ujana. Akaingia, akasalimia kwa Kinande kizuri kuliko cha Émérance mwenyewe. Akaweka mukono kichwani; kilemba kikateleza, jani likachomoka likamugusa pua.

Émérance aliomba ardhi ipasuke imumeze, lakini Keshero ni jiwe.

Muzee alirudisha kilemba taratibu, akawageukia waliobanana mulangoni, ambao wote walikuwa wameona na wote walikuwa wakitazama dari.

“Huyu mama amedhoofika kweli,” alisema. “Ugonjwa wake ni kukatwakatwa. Asiguswe tena.”

“Papa Sebahire, mimi…”

“Tulia, mama, bado tunamuombea shangazi yako. Jumapili atakuja kwenye maandamano pamoja na chungu chake. Na wewe ndiye utamusukuma.”

Basi Jumapili chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilitangulia mbele ya kwaya, palmiye imesimama juu yake bila kupungua jani, na nyuma Mama Émérance akisukuma juu ya mawe, jasho likiharibu poda yote aliyojipaka. Wengine walipunga majani ya migomba na kuimba kwa nguvu kuliko kawaida, ili wasicheke.

Mpaka leo wakikutana naye sokoni wanamuuliza, kwa heshima zote, shangazi anaendeleaje. Anajibu kwa uso mukavu kwamba ametoa jani jipya.

Ile sukari haikurudishwa. Mume wake anaikoroga kwenye chai, na habari ya faida ya palmiye haiulizi tena.